Thobias wa Chumba Namba Sita

Mwaka jana nililala gesti siku tano kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Hilo peke yake si la ajabu. Wengi wenu mmewahi kufanya hivyo, na sababu zenu mnazijua.

La ajabu ni kwamba gesti yenyewe ilikuwa Mwanga, hapo hapo Kigoma, na nyumba ya baba yangu iko Ujiji. Dakika kumi kwa bodaboda. Kumi na tano kama dereva ana adabu.

Na baba alikuwa hai.

Naitwa Maulidi. Maulidi Jumanne, mzaliwa wa Ujiji. Shule niliishia kidato cha nne, lakini mashairi nimejifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwa vidole mpaka nikawa nahesabu hata watu wakiongea nami. Nalisema hili mapema kwa sababu mashairi ndiyo yaliyonifikisha kwenye hiyo gesti.

Mama yangu, Mwasiti, alifariki miaka mitatu kabla ya safari hiyo. Miezi tisa baadaye baba akaoa. Alimwoa Nasma, mjane, muuza mawese na dagaa pale soko la Mwanga.

Miezi tisa. Mimi bado nilikuwa naota mama ananiita nikaoge.

Siku ya harusi watu wamekaa mikekani, pilau inapakuliwa, mshereheshaji akasema mtoto wa kiume atoe neno la baraka. Nikapewa kipaza sauti.

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelinoa wiki nzima kama panga.

*Mama yuko mchangani, kitanda kimetandikwa,*
*Mwingine yuko jikoni, sufuria zimeshikwa,*
*Vyombo vyake vya thamani, hadharani vimewekwa,*
*Leo tunakula nini, harusi au kuzikwa?*

Mizani kumi na sita kila mstari. Vina vimekaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Bi harusi alivuta ushungi ukafunika uso wote. Baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemaliza? Haya, kaa ule."

Nikamjibu mbele ya watu kwamba chakula cha mkono wa yule mwanamke hakitapita kooni mwangu mpaka naingia kaburini. Nikaapa. Wallahi, mara tatu.

Nikachukua begi, nikaenda zangu Mwanza.

Kuna mtu alikuwa anarekodi. Video ilizunguka kwenye magrupu yote ya Kigoma. Watu nisiowajua wakaniandikia "kijana una kipaji". Nikajiona mwamba.

Baba alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa. Nilipokea, nikajibu kwa mkato. Hakuwahi kulitaja lile shairi hata siku moja.

Mwanza nilipata kazi kwenye kampuni ndogo inayouza taa za sola za kuvulia dagaa, zile zinazofungwa kwenye mitumbwi badala ya karabai. Mwaka jana bosi akaniita.

"Maulidi, wewe si mtu wa Kigoma? Wavuvi wa Bangwe wanalalamika taa zinazima. Nenda ukazirekebishe, wiki moja tu. Ya kulala sikupi. Kwenu si kupo?"

"Kupo, bosi."

Hiyo ndiyo shida ya kiburi. Nilishindwa hata kumwambia bosi kwamba mlango wa kwetu nimejifungia mwenyewe.

Jumapili jioni nikashuka kwenye basi, nikatafuta gesti ya saizi ya mfuko wangu, mtaa wa nyuma, mbali na soko. Chumba namba sita. Kitanda, neti yenye matobo mawili, ndoo ya maji, na feni inayolia kama inasimulia msiba wake.

Mapokezi alikuwepo dada mmoja anaitwa Frida. Akanisukumia daftari la wageni.

Mnalijua lile daftari. Jina kamili, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi.

Kalamu ikasimama. Mji wetu huu, ukiandika Maulidi Jumanne pale Mwanga, wino haujakauka Ujiji wameshasoma. Na kwetu, mtoto wa kiume kulala gesti kwenye mji alimo baba yake ni kumtukana bila kufungua mdomo. Ni kuutangazia mji kwamba nyumba ile haina hata mkeka wa kumtandikia.

Nikaandika: Thobias Nikodemu. Muha. Fundi. Natoka Simbo.

Frida akasoma, akaninyanyulia macho.

"Simbo kwa nani, kaka Thobi? Mimi mwenyewe nyumbani Simbo."

"Niliondoka mdogo sana, dada."

"Ahaa." Akatabasamu kidogo. "Na misa leo umesali wapi?"

"Nilikuwa njiani."

"Mungu ataelewa," akasema, akanipa ufunguo.

Asubuhi yake, saa moja kasoro, mlango ukagongwa. Frida na sinia. Chai ya maziwa, muhogo wa kuchemsha laini kama pamba, na samaki mgebuka mzima aliyekaangwa kwa mawese.

"Mwakeye, kaka Thobi," akaniamkia kwa Kiha. "Chai yako."

Nikashangaa. Gesti ya bei ile, chai? Nyingi ukipata sabuni kipande unashukuru.

"Hii ipo kwenye bei ya chumba?"

"Kula, kaka. Usihoji baraka."

Nikala mpaka nikalamba vidole. Nikapanda boda kwenda Bangwe, nikashinda juani nafungua taa, nakausha maji, naunga nyaya. Jioni nikarudi kulala. Sikutoka nje ovyo. Nikiona mzee wa kanzu kwa mbali, najifanya nafunga kamba za kiatu.

Jumanne, chapati na maharage ya nazi. Jumatano, muhogo tena na mgebuka.

Jumatano hiyo ndiyo ninayotaka kuisahau.

Niliamka na hasira zangu. Jana yake wavuvi wa Bangwe walikuwa wamenisimanga kutwa nzima, wakisema taa za kampuni yetu zinaogopa giza. Nikatia tonge la kwanza mdomoni. Chumvi. Chumvi ya kukunja uso.

Mtu mwingine angekunywa maji akanyamaza. Mimi nikatunga.

"Frida, huyo mpishi wenu mpelekee salamu zangu," nikasema.

*Mpishi wenu mgumu, chumvi ameimwagia,*
*Ziwa la maji matamu, yeye bahari katia.*

Nilitegemea acheke. Frida huwa anacheka haraka. Safari hii alikamata sinia kwa mikono miwili.

"Nimfikishie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze hata mizani moja."

"Sawa," akasema. "Wewe na midomo yako."

Sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Nikapanda boda yangu.

Alhamisi chakula kilikuja kama kawaida. Ila samaki hakuwa na chumvi kabisa. Pembeni ya sahani kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa vizuri, kama dawa ya unga ya zamani. Nikakifungua.

Chumvi.

Mpishi alikuwa ameniachia nijitilie mwenyewe.

Jamani, kuna kitu kilinichoma. Ningetukanwa ningejua la kujibu. Lakini kile kikaratasi kilikuwa kimekunjwa kwa mkono wa mtu asiye na hasira, na mimi sina ubeti wa kumjibu mtu wa namna hiyo.

Nikajitilia chumvi, nikala. Kutwa nzima pale Bangwe, kile kikaratasi kilikuwa kichwani.

Ijumaa asubuhi Frida alileta sinia akaondoka mbio, kuna wageni walikuwa wanatoka na basi. Nikamaliza kula. Nikasema leo nitafanya uungwana, nitaosha vyombo mwenyewe, halafu nimwombe Frida anipeleke jikoni nikamwombe radhi mpishi.

Nikaingia bafuni, nikachota maji ya ndoo. Nikaosha kikombe. Nikachukua sahani, ile ya bati nyeupe yenye maua ya bluu pembeni. Nikaigeuza kuosha kitako.

Nukta tatu nyekundu.

Za rangi ya kucha. Zimepangwa kama mafiga, na moja imevutika kwa pembeni, kama imepakwa na kidole chenye haraka.

Kwa asiyejua, mitaa yetu vyombo vinaazimana. Kukiwa na harusi au msiba, kila nyumba inatoa sahani, na kila mama ana alama yake chini ya vyombo ili virudi kwa mwenyewe. Mwingine anafunga uzi, mwingine anakwaruza kwa msumari.

Mama yangu alikuwa na nukta tatu za rangi ya kucha.

Na ile iliyovutika niliivuta mimi. Nilikuwa na miaka saba. Mama aliniachia nimalizie sahani ya mwisho, nikaigusa kabla haijakauka. Akacheka. Akasema, "Basi hii hata ikipotea China itarudi."

Nilikaa chini pale kwenye sakafu ya bafu, sahani mapajani, maji yananilowesha suruali.

Siku tano. Siku tano nakula kwenye sahani ya mama yangu na sijawahi kuigeuza.

Nikatoka mpaka mapokezi. Frida aliponiona na ile sahani mkononi, akaweka kalamu chini.

"Nani anapika?" nikauliza.

"Unajua nani anapika, Maulidi."

Aliniita jina langu.

"Ulinijua lini?"

"Ulipoingia mlangoni. Kaka yangu, ile video nani hakuiona? Sisi tuliicheza hapa mpaka simu ikazima." Akashusha pumzi. "Mama Nasma mimi ni mteja wake wa mawese. Jumapili ile ile nikampigia. Nikamwambia mwanao yuko kwangu, kaandika Thobias."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama umekula."

Nikaitazama sahani.

"Kila asubuhi anapita hapa akienda sokoni, ananiachia kikapu. Akanikataza nisikwambie. Alisema una kiapo. Ukijua ni chake utashinda na njaa."

"Na yale maneno ya Jumatano?"

"Ulisema nisipunguze hata mizani moja." Frida hakunitazama. "Sikupunguza."

Nilitembea kwa miguu mpaka soko la Mwanga. Sikumbuki njia. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, madumu ya mawese upande mmoja, dagaa upande mwingine, anampimia mteja. Alikuwa mwembamba. Nilikuwa sijawahi kumtazama usoni, hata siku ile ya harusi. Kwenye shairi langu hakuwa na uso.

Mteja akaondoka. Nikasimama na sahani yangu kama mtoto wa shule aliyetumwa kuazima.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo ya kwanza kumpa tangu aolewe na baba yangu.

Akaangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Chumvi je?"

Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Unisamehe ile ya Jumatano," akasema. Yeye ndiye alisema hivyo, mnisikie vizuri. Yeye. "Mwaka mzima sasa sitii chumvi kwenye chungu. Mzee wako ana presha, daktari kakataza, na mimi siwezi kula chumvi yeye akiwa ananitazama. Mkono umesahau kipimo. Nilikutilia wewe kwa kubahatisha."

Mimi sikujua kama baba ana presha. Ijumaa zote zile kwenye simu, "hujambo baba, sijambo, kazi nzuri, haya." Sikuwahi kuuliza la pili.

Nikaigeuza sahani, nikamwonyesha zile nukta.

"Mbona hukuzifuta? Vyombo ni vyako sasa."

"Vyombo vina mwenyewe," akasema. "Mimi naviazima tu."

Nilichoimba kwenye kipaza sauti siku ile, mnakumbuka. *Vyombo vyake vya thamani.* Kumbe aliyekuwa anavitunza vya mama yangu ni yule niliyemkata kwa ulimi, na mimi mwenye uchungu nilikuwa Mwanza nahesabu pongezi.

Nikasema, "Mama, nilikosa."

"Ulikosa," akasema. "Na chakula changu umekula siku tano, hujafa. Kwa hiyo kiapo nacho kimeshakufa chenyewe. Siku tatu utafunga, kafara ya kiapo, Mungu akusamehe. Sasa kachukue begi lako ukamwamkie baba yako."

Nikageuka kuondoka. Akaniita.

"Maulidi. Mzee hajui kama ulikuwa hapa. Usimwambie habari za gesti, itamuua. Mwambie umeshuka kwenye basi leo."

Mwanamke niliyemtukana mara mbili, zote kwa vina, alikuwa ananitafutia uongo wa kumficha baba yangu aibu yangu.

Nikafika Ujiji kabla ya swala ya Ijumaa. Baba alikuwa barazani, kanzu imepigwa pasi, redio pembeni. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama si wake. Hakuna aliyeniambia kuhusu mkono. Sikuuliza, nani angeniambia?

"Shikamoo, baba."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akatazama begi.

"Marahaba. Umeingia lini?"

"Leo. Nimeshuka kwenye basi sasa hivi."

"Ahaa." Akapunguza sauti ya redio. "Karibu, Thobias."

Nikaweka begi chini.

"Watu wa Simbo hamjambo huko?"

"Baba..."

"Dereva aliyekupeleka Bangwe Jumatatu nilimfundisha juzuu amma madrasa. Saa nne asubuhi nilishajua mpaka rangi ya begi lako na jina uliloandika daftarini."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Nimwite nani? Thobias? Simjui, si mtoto wangu." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine haukumfuata. "Mimi nilikuwa namsubiri Maulidi."

Nikapiga magoti, nikashika ule mkono wake uliolala. Ulikuwa baridi.

"Na mama yako Nasma usimwambie kwamba nilikuwa najua," akasema. "Kila alfajiri namsikia anakaanga samaki kwenye nyumba isiyokaanga. Namuuliza ni wa nani, ananiambia kuna mteja kaagiza. Mimi namwambia, mpakulie cha kushiba, mteja huyo asije akahama."

Tukaenda kuswali pamoja. Alinishika bega njia nzima. Watu wakatuona.

Mchana Nasma akarudi mapema, akapika bila chumvi, tukala watatu kwenye sinia moja. Baba alijifanya hajui. Nasma alijifanya hajui. Mimi nikala nimeinamisha kichwa.

Jumamosi alfajiri nilikuwa na basi. Taa za Bangwe zilikuwa zinawaka, bosi ananisubiri. Nikamwambia baba nitarudi mwezi ujao kukaa wiki nzima. Akasema, "Njoo kwa jina lako."

Sikuwahi. Presha ilimchukua siku kumi na tisa baadaye, Alhamisi, kabla ya simu yake ya Ijumaa.

Kwenye msiba vyombo vilikuja kutoka mtaa mzima. Ulipokwisha, mimi ndiye niliyekaa chini kuvigeuza kimoja kimoja, kutafuta nukta tatu, kuvirudisha kwa Nasma. Vyote vilitimia. Sasa hivi namtumia salamu kila Ijumaa, na nauliza mpaka la tatu na la nne.

Haya niliyoyaandika nilimsomea yeye kwanza kwenye simu. Nilimwambia nitaliondoa lile shairi la harusi. Akakataa. Akasema, "Waliolisikia lile ni wengi. Waache wasikie na hili." Nikamsomea mpaka pale baba alipokuwa anajua.

Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa ananiambia mpakulie cha kushiba."

Ndugu zangu, ulimi wenye kipaji ni panga, na panga halijui aliyelinoa. Kabla hujamsema mtu kwa chumvi yake, geuza kwanza sahani uone alama ya nani iko chini.

Mimi hesabu ya mizani naiweza. Iliyonishinda ni hii moja.

Mungu alinipa siku sita za mwisho na baba yangu. Tano nilimpa Thobias.